Lamprei: Anachokula, Anavyokula, na Iwapo Ni Hatari kwa Binadamu (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Picha moja ya kinywa cha lamprei (mnyama wa majini mwenye umbo kama la nyoka), duara lililojaa safu baada ya safu za meno ya manjano, hutosha kumfanya mtu aape kutotia mguu tena katika mto au ziwa lolote la nchi za baridi. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu huuliza baada ya kuiona picha hiyo. Majibu yake mengi yanaegemea jambo ambalo picha haionyeshi: lamprei hukitumia kinywa hicho kulia chakula kwa sehemu ndogo tu ya maisha yake, spishi nyingi hazikitumii kulia chakula kabisa, na kipindi ambacho mtu ana nafasi kubwa ya kukutana na mnyama huyu uso kwa uso ndicho kipindi ambacho ameshaacha kula.

Lamprei ni samaki, nyoka au mkunga?

Ni samaki, ila ni wa ukoo wa kale sana, uliojitenga na koo nyingine za samaki kabla taya hazijatokea. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, hauna magamba, hauna mapezi ya ubavuni, na hauna mfupa hata mmoja, kwa kuwa kiunzi chake chote ni cha gegedu. Nyuma ya kila jicho pana matundu saba ya matamvua yaliyopangika mstari mmoja, na juu ya kichwa pana tundu moja tu la pua. Mkunga, ambaye watu humchanganya naye kwa sababu ya umbo, ana taya na ana mifupa. Kiukoo yuko karibu zaidi na jodari kuliko na lamprei.

Visukuku vilivyopatikana karibu na mji wa Makhanda, Afrika Kusini, na kuelezwa kisayansi mwaka 2006 kwa jina la Priscomyzon riniensis, vina umri wa miaka milioni 360 hivi, na tayari vinaonyesha kinywa cha duara kilichozungukwa na meno. Namna hii ya kujishikiza, basi, ilikuwapo zamani sana kabla ya dinosau wa kwanza.

Wanaishi wapi?

Wengi wanaishi katika maji ya baridi na ya wastani ya Kizio cha Kaskazini, yaani Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kaskazini mwa Asia, na spishi chache ziko Australia, Nyuzilandi, Chile na Argentina. Maji ya joto ya ukanda wa tropiki hayawafai, hasa watoto wao, na ndiyo sababu hawapo katika mito na maziwa ya Afrika kusini ya Sahara. Baadhi huishi mtoni tangu kuanguliwa hadi kufa. Wengine huanguliwa mtoni, hushuka baharini au ziwani kula, kisha hupanda tena mtoni kuzaa.

Je, kila lamprei hunyonya damu?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika maandishi mepesi kuhusu mnyama huyu. Spishi zinazojulikana ni kama 40 na kidogo, na zaidi ya nusu yake haziwi vimelea wakati wowote wa maisha. Mfano mzuri ni Lampetra planeri, lamprei mdogo wa vijito vya Ulaya: akishakomaa utumbo wake hunywea, hali kitu, huzaa mara moja na kufa. Meno anayo, lakini ni butu, na kinywa hukitumia kushika mawe ili asichukuliwe na maji.

Linaloshangaza ni kwamba Lampetra planeri anafanana mno na Lampetra fluviatilis, ambaye ni kimelea, kiasi kwamba lava (watoto ambao hawajakomaa) wa spishi hizi mbili hawatofautishiki kwa macho, na wapo wanabiolojia wanaouliza kama kweli ni spishi mbili au ni njia mbili za kuishi ndani ya spishi moja. Jozi za namna hii ziko kadhaa katika ukoo wa lamprei: mmoja huenda kutafuta damu au nyama na kurejea akiwa mkubwa, mwenzake hubaki kijitoni akazaa akiwa mdogo.

Kabla ya kukomaa, lamprei hula nini?

Sehemu ndefu zaidi ya maisha ya lamprei hupita katika tope. Yai likianguliwa hutoka lava mwembamba asiye na meno, ambaye macho yake yamefunikwa na ngozi. Mkondo humchukua hadi mahali ambapo maji yanakwenda polepole, naye hujizika katika mchanga laini na kukaa humo kwa miaka mitatu hadi saba, na pengine zaidi. Chakula chake ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, bakteria, na chembe za majani na viumbe vilivyooza. Huvuta maji taratibu, na ute uliomo kooni mwake hunasa chembe hizo. Ni chakula hafifu, na ndiyo maana ukuaji wake ni wa polepole: lava wa miaka kadhaa huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15 tu.

Kisha hufuata mageuzi ambayo katika samaki hayana mfano wa karibu. Macho hufunguka, kinywa hujipanga upya kuwa duara, meno huota, na figo hujiandaa kwa maji ya chumvi kwa wale watakaokwenda baharini. Mfuko wa nyongo na mirija yake hutoweka kabisa, hali ambayo mtoto mchanga wa binadamu akizaliwa nayo huhitaji upasuaji wa haraka ili aishi. Katika miezi yote hiyo ya mageuzi hali chochote.

Lamprei aliye kimelea hulaje hasa?

Huanza kwa kutafuta windo kwa harufu, kwa macho, na kwa uwezo wa kuhisi umeme dhaifu unaotoka katika mwili wa kiumbe hai. Akilifikia hubandika kinywa chake ubavuni, mara nyingi nyuma ya pezi la kifuani, husukuma maji yote yaliyomo kinywani na kujishikiza kwa mfyonzo. Meno ya pembeni, ambayo ni ya keratini, dutu ile ile iliyomo katika kucha, kazi yake ni kuzuia asiteleze. Kinachotoboa ni ulimi. Ulimi huo una meno yake, nao huenda mbele na nyuma kama randa ya seremala, ukiparua magamba na ngozi mpaka nyama ionekane na damu itoke.

Hapo tezi mbili zilizo karibu na kinywa humwaga mate yenye viambata viitwavyo kwa jumla lamfredini, ambavyo huzuia damu isigande na kulainisha nyama iliyo jirani na jeraha. Kidonda hukaa wazi kwa muda wote ambao lamprei anahitaji kiwe wazi, muda ambao huweza kuwa saa chache au siku nyingi.

Mtu anayemtazama lamprei aliyejibandika kwenye kioo cha tangi atagundua jambo ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi. Samaki wengine huvuta maji kwa mdomo na kuyatoa kupitia matamvua, lakini huyu mdomo wake umezibwa na kazi nyingine. Kwa hiyo maji huingia na kutoka kwa matundu yale yale saba. Mwili mzima umetulia, mkia unayumba kidogo tu, na matundu yote yanapanuka na kusinyaa kwa pamoja.

Ni damu tu, au hula na nyama?

Inategemea spishi. Petromyzon marinus, lamprei mkubwa wa Atlantiki, ni mnywaji wa damu na majimaji ya mwili. Lampetra fluviatilis wa Ulaya na Lampetra ayresii wa pwani ya Pasifiki hukata nyama yenyewe, na samaki wadogo wa jamii ya heringi walioshikwa nao huachwa na shimo ubavuni. Wala nyama kwa kawaida huua haraka zaidi, kwa kuwa samaki wanaowashika ni wadogo na jeraha huingia ndani.

Hushambulia viumbe gani, na je, wote hufa?

Katika Atlantiki, Petromyzon marinus amekutwa juu ya chewa wa maji baridi, samoni, jodari, papa na hata nyangumi. Amekutwa pia juu ya papa mkubwa aina ya Cetorhinus maximus, mnyama mwenye ngozi ngumu na damu iliyojaa urea nyingi ambayo ingewasumbua viumbe wengi, na uchunguzi umeonyesha kwamba lamprei anayemnyonya papa huyo ana uwezo mkubwa wa kuitoa urea hiyo mwilini mwake. Kwa papa au nyangumi, lamprei mmoja ni kero. Hubaki kovu la duara, na mnyama huendelea na safari yake.

Hali ni tofauti kabisa windo likiwa samaki wa kilo mbili au tatu. Huyo huweza kufa kwa kupoteza damu, au akapona kutoka kwa lamprei lakini jeraha likaingia kuvu na bakteria. Tume inayosimamia uvuvi wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini imeandika kwamba katika mazingira fulani samaki mmoja tu kati ya saba walioshambuliwa huokoka, na kwamba lamprei mmoja, katika mwaka mmoja au mwaka na nusu wa kula kwake, huweza kuangamiza hadi kilo 18 za samaki.

Je, lamprei humshambulia binadamu?

Kwa kawaida, hapana. Windo lake la asili ni samaki, yaani kiumbe ambaye joto la mwili wake linakaribia lile la maji. Ngozi ya mtu ni ya joto, na harufu yake si ile ambayo lamprei anaifuata. Wataalamu wa uvuvi huwashika lamprei kwa mikono mitupu, na katika maonyesho ya hadhara huwaacha wajishikize kwenye viganja vya wageni; mgeni huhisi mvuto na ncha za meno, lakini lamprei hana haraka ya kuanza kuparua.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwa maoni ya mwandishi ina uzito kuliko ya kwanza ingawa hutajwa mara chache. Lamprei anayekula huwa mbali na watu: yuko baharini, au katika kina cha maji baridi ya ziwa ambako samaki wakubwa wapo. Yule ambaye watu humwona karibu, akiwa kwenye maji mafupi ya mto wakati wa majira ya kuchipua, amepanda kuzaa. Utumbo wake unanywea, hana haja ya chakula tena, na wiki chache baada ya kutaga atakuwa amekufa. Akijibandika kwenye buti la mvuvi au ubavu wa mtumbwi, anachotafuta ni mahali pa kupumzikia dhidi ya mkondo, kama anavyojishikiza kwenye jiwe au ukuta wa bwawa.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba haijapata kutokea lamprei akamshika mtu. Imetokea, na mazingira yake yanaeleweka: mtu aliyekaa muda mrefu katika maji baridi hadi ngozi ikapoa, katika ziwa lenye lamprei wengi na samaki wachache.

Ni kweli kwamba waogeleaji wa Ziwa Ontario walishikwa na lamprei?

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Marilyn Bell wa Kanada, ambaye tarehe 8 Septemba 1954, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia majini upande wa Marekani karibu na Youngstown, New York, na jioni ya siku iliyofuata akawa mtu wa kwanza kuogelea kulivuka Ziwa Ontario, umbali wa zaidi ya kilomita 50 hadi Toronto. Alikaa majini kwa saa 21 hivi. Masimulizi ya safari hiyo yanaeleza kwamba lamprei walijaribu kujibandika mwilini mwake, naye akawapangusa na kusonga mbele. Kilichokaribia kumshinda kilikuwa uchovu, mawimbi na baridi.

Mwaka wenyewe una maana. Mwaka 1954 kazi ya kudhibiti lamprei katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, ambayo Ontario ni mojawapo, ilikuwa haijapata dawa ya kufaa, na trauti wa ziwani, windo kuu la lamprei, walikuwa wametoweka karibu kabisa katika Ziwa Ontario.

Vipi yule tajiri wa Kirumi aliyewalisha lamprei watumwa?

Mtu huyo ni Vedius Pollio, rafiki wa Kaisari Augusto, aliyefariki mwaka 15 kabla ya Kristo. Seneca, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mtumwa mmoja alivunja kikombe cha kioo safi mbele ya Kaisari, na Pollio akaamuru atupwe katika bwawa la samaki wake. Kaisari alichukizwa, akaagiza mtumwa aachiliwe, vikombe vyote vya nyumba hiyo vivunjwe mbele ya macho yake, na bwawa lifukiwe.

Kisa hiki hutolewa kama ushahidi dhidi ya lamprei, lakini samaki waliofugwa na matajiri wa Kirumi katika mabwawa ya maji ya chumvi wana uwezekano mkubwa wa kuwa mikunga wa baharini, wenye taya zinazofunga na meno yanayorarua. Waandishi wa karne za baadaye ndio waliowageuza kuwa lamprei. Lamprei hana taya ya kung'ata wala njia ya kukata pande kubwa la nyama na kulimeza, hivyo adhabu ya Pollio isingetekelezeka kwake.

Lamprei akijishikiza kwenye ngozi yangu, nifanye nini?

Usimvute kwa nguvu, kwa sababu meno yameelekea ndani na kuvuta ndiko kunakochuna ngozi. Ingiza ncha ya kidole chini ya ukingo wa kinywa chake ili hewa au maji yapite. Mfyonzo ukikatika atabanduka. Ukiweza, mtoe nje ya maji kwanza. Kisha osha mahali hapo kwa maji safi na sabuni. Kama ngozi imechanika, jeraha hilo litunzwe kama jeraha lolote la majini: lifunikwe, liangaliwe wekundu na uvimbe, na mtu aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda ikiwa hajachanjwa kwa miaka mingi. Damu huweza kutoka kwa muda kidogo zaidi ya kawaida kwa sababu ya mate yake, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kulitilia hilo maanani.

Ana sumu, au anaeneza ugonjwa kama mbu?

Hana mwiba wa sumu wala jino la sumu. Mate yake hayakusudiwi kuua, kwa kuwa windo lililokufa halina damu inayotembea. Hahesabiwi miongoni mwa wanyama wanaowaambukiza watu maradhi kwa kuuma.

Mbona basi inasemwa kwamba mfalme wa Uingereza aliuawa na lamprei?

Aliuawa mezani, kama kweli aliuawa. Mfalme Henry wa Kwanza alifariki tarehe 1 Desemba 1135 huko Normandy, na mwandishi wa historia Henry wa Huntingdon aliandika kwamba alikula lamprei ambao tabibu wake alikuwa amemkataza. Hakuna mtu leo anayeweza kuupima utumbo wa mfalme aliyekufa karne tisa zilizopita. Chakula kilichoharibika au ugonjwa mwingine kabisa vinaweza kuwa ndiyo sababu.

Lamprei ameliwa Ulaya tangu zamani na bado analiwa. Ufaransa, katika eneo la Bordeaux, hupikwa kwa divai nyekundu pamoja na damu yake mwenyewe. Ureno na Galicia nchini Hispania ana msimu wake. Latvia na Ufini huchomwa au hukaushwa kwa moshi. Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani, makabila ya wenyeji wa bonde la Mto Columbia huvua Entosphenus tridentatus kwenye Maporomoko ya Willamette, na kwao samaki huyu ni wa heshima. Tahadhari za mlaji ni mbili. Ute wa ngozi na damu mbichi vya spishi kadhaa vina sumu, kwa hiyo lazima asafishwe vizuri na aive. Pili, lamprei aliyekula samaki wakubwa hujikusanyia zebaki iliyokuwa katika miili yao, na wale wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini wana zebaki ya kiwango cha kutia wasiwasi. Kwa kweli, ukilinganisha njia zote ambazo mnyama huyu anaweza kumdhuru mtu, sahani ni hatari kuliko ziwa.

Samaki mwenye kovu la lamprei anafaa kuliwa?

Anafaa. Lamprei haachi sumu katika nyama ya samaki. Kovu lililopona huondolewa kwa kisu, na samaki mwenye kidonda kibichi kilichooza ndiye wa kuachwa, kama ambavyo angeachwa kwa kidonda kingine chochote.

Kama hamdhuru mtu, kwa nini Marekani na Kanada zinapambana naye kwa gharama kubwa?

Kwa sababu aliingia mahali ambapo samaki hawakuwa wamezoeana naye. Maporomoko ya Niagara yalikuwa ukuta ambao lamprei wa Atlantiki hangeweza kuupanda. Mfereji wa Welland, uliofunguliwa mwaka 1829 ili meli ziyazunguke maporomoko hayo na kisha kuboreshwa mwanzoni mwa karne ya 20, ulimpatia njia. Alionekana katika Ziwa Erie mwaka 1921, katika Ziwa Michigan na Ziwa Huron miaka ya 1936 na 1937, na katika Ziwa Superior mwaka 1938.

Trauti wa ziwani wa huko hukua polepole na huchelewa kuzaa, hivyo samaki mkubwa akiuawa kabla ya kutaga mayai, pengo lake halizibiki upesi. Kabla ya uvamizi, nchi hizo mbili zilikuwa zikivua karibu tani 6,800 za trauti kwa mwaka katika maziwa ya juu, yaani Superior, Michigan na Huron. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimebaki kama tani 136. Ni haki kuongeza kwamba uvuvi wa kupita kiasi ulikuwa umeshawadhoofisha samaki hao, na lawama yote haimwangukii lamprei. Lakini lamprei ndiye aliyewamaliza, na pamoja nao yakaondoka maisha ya miji midogo mingi iliyotegemea nyavu.

Ni vyema ieleweke pia kwamba maziwa hayo yana spishi nne za lamprei wa asili, mbili kati yake zikiwa vimelea, ambazo ziliishi na samaki wa huko kwa maelfu ya miaka bila kuwamaliza.

Mwaka 1955 iliundwa Tume ya Uvuvi ya Maziwa Makuu, inayoziunganisha Marekani na Kanada. Katika kituo cha Hammond Bay, Michigan, watafiti wakiongozwa na Vernon Applegate walijaribu maelfu ya kemikali, moja baada ya nyingine, katika vyombo vyenye lava wa lamprei na samaki wengine, wakitafuta ile itakayowaua lava na kuwaacha samaki. Waliipata, ikaitwa TFM, na ikaanza kumwagwa mitoni mwaka 1958. Hulenga lava waliojizika katika tope, kwa kuwa hapo vizazi kadhaa hupatikana mahali pamoja, nao hawana uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja kemikali hiyo mwilini. Pamoja na dawa kuna vizuizi vinavyowazuia wakubwa kupanda mto, na mitego. Idadi yao katika sehemu kubwa ya maziwa imepungua kwa asilimia 90 hivi ikilinganishwa na kilele cha katikati ya karne ya 20.

Imepungua, haikuisha. Katika miaka ya 2020 na 2021, janga la UVIKO-19 lilipopunguza safari za kutibu mito, idadi ya lamprei ilipanda tena katika miaka iliyofuata. Jike mmoja wa huko hutaga makumi ya maelfu ya mayai, na kwa kasi hiyo likizo ya mwaka mmoja hulipwa kwa miaka kadhaa.

TFM si hatari kwa watu wanaotumia maji hayo?

Kwa kiwango kinachotumika mitoni, mamlaka za udhibiti za nchi zote mbili zimeikubali kuwa haidhuru watu. Hutiwa kwa saa chache, huyeyuka na mkondo, na wakazi hutaarifiwa mapema, hasa wanaomwagilia mashamba kwa maji ya mto husika. Wanaoathirika kwa bahati mbaya ni baadhi ya amfibia na lava wa lamprei wa asili, nao ni hasara ya kweli ambayo wahifadhi hawaifichi.

Lamprei anatofautianaje na chazo?

Chazo hujishikiza kwa papa na kasa kwa kifaa kilicho juu ya kichwa, si kwa mdomo, naye hasafiri ili anyonye damu. Ni abiria tu.

Niliona habari kwamba lamprei walianguka kutoka angani. Ni kweli?

Ni kweli, Fairbanks, Alaska, mwezi Juni 2015. Lamprei kadhaa walikutwa katika maeneo ya makazi, mmoja akiwa kwenye nyasi za uwanja wa nyumba na mwingine kwenye maegesho ya duka. Idara ya uvuvi na wanyamapori ya Alaska ilieleza kwamba yaelekea shakwe waliwadaka mtoni, wakashindwa kuwashikilia, wakawaangusha. Hao ndege wamewahi kuwadondosha samaki wa kila aina. Lamprei aliingia magazetini kwa sababu ya sura yake.

Nikimkuta lamprei mtoni, nimwue?

Jibu linatokana na mahali ulipo. Ukiwa katika mito inayoingia Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, na una hakika kwamba huyo ni Petromyzon marinus, mamlaka za huko zinaomba asirudishwe majini. Kama huna hakika, mpige picha na uwapelekee, kwa kuwa lamprei wa asili hufanana naye na hawastahili kuuawa. Ukiwa Ulaya, spishi huyo huyo yumo katika orodha ya wanaolindwa na Agizo la Makazi Asilia la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992, pamoja na Lampetra fluviatilis na Lampetra planeri, kwa sababu mabwawa na uchafuzi wa mito vimewapunguza sana. Huko mwache aendelee kubeba mawe yake kwa kinywa na kuyapanga kiota, wala usikanyage changarawe ya mahali hapo mpaka msimu wa kutaga upite.